Kuhesabu Kupita Hamsini

Kitu cha kumi na tisa katika daftari la mzee kilikuwa "kamba ya akiba ya kamba ya akiba". Mama Turubai alikisoma mara mbili akidhani macho yanamchezea, kisha akalifunga daftari na kulirudisha juu ya friji taratibu sana, kwa ule utaratibu wa mtu anayejua kwamba akijilegeza kidogo tu atalitupa dirishani.

"Mzee," aliita. "Hii kamba ya akiba ya kamba ya akiba ndiyo nini?"

"Ile ya kwanza ikikatika tunatumia ya pili," mumewe alijibu kutoka sebuleni. "Sasa ya pili nayo ikikatika?"

"Basi tutakuwa tumekosana na kamba zote duniani."

Mzee hakucheka. Alikuwa mweka bohari wa idara ya barabara kwa miaka thelathini na miwili, na katika miaka hiyo hata koleo bovu halikutoka mlangoni kwake bila saini. Alipostaafu wakampa saa ya ukutani, naye mbele ya wakubwa wote akauliza hati ya kupokelea iko wapi. Mtaa mzima walimwita Bohari. Ndiye aliyekuwa na gari, ndiye mwenye leseni, na kwa hiyo safari ilikuwa mikononi mwake.

Safari yenyewe haikuwa ya kwenda mwezini. Ni siku nne tu, mwendo wa saa saba kwa gari, mpaka kwenye lile ziwa kubwa la bara ambalo maji yake ni mengi kwa upana na machache kwa kina. Kule Mama Turubai angeshusha ubao wake wa tanga, apande, aende. Yaani ubao mrefu kuliko mtu, juu yake mlingoti na tanga, na mtu amesimama kashikilia bomba la tanga kwa mikono miwili huku upepo ukimvuta. Akimaliza, wafunge mizigo, warudi nyumbani. Mtu mwingine angeipanga safari hiyo kwa jioni moja na chai ikabaki. Bohari alikuwa anaipanga mwaka wa tatu.

Mama Turubai hakuzaliwa majini wala hakuwa mtu wa michezo. Alikuwa na karakana yake, chumba kimoja kirefu chenye dirisha la chuma, meza mbili na cherehani nzito ya kushonea vitu vigumu. Alishona maturubai ya malori, vifuniko vya makochi, mahema ya shughuli. Miaka kumi na moja nyuma, wafanyakazi wa kampuni ya maji walimletea tanga lililochanika, maana walikuwa na kilabu chao cha michezo ya maji pale kwenye bwawa la kampuni. Alilishona, kisha akakataa kulitoa mpaka wamwonyeshe linavyofanya kazi. "Siwezi kutoa kazi nisiyojua inavutwa upande gani," aliwaambia. Wakampeleka bwawani, wakampandisha, akaanguka mara kumi na mbili. Mara ya kumi na tatu alisimama, upepo ukamshika, na yule mwanamke wa miaka arobaini na kitu akapiga kelele ambayo walinzi wa mashine za maji waliisikia wakatoka mbio wakidhani kuna mtu anakufa.

Tangu siku ile, kila Jumamosi mchana, bwawani. Akanunua ubao mkuukuu wa kilabu, akajishonea tanga lake mwenyewe. Bohari alimsindikiza, akakaa kwenye kiti chake cha kukunja pale kwenye ukuta wa bwawa, taulo mapajani, macho kwenye maji, midomo ikimchezacheza. Mkewe alidhani anahesabu malori yanayopita barabara ya ng'ambo, maana mtu wa bohari akikosa cha kuhesabu huugua.

Tatizo la bwawa lilikuwa moja tu, nalo lilimkalia kooni. Kutoka ukutani mpaka kwenye matete ya upande wa pili ni hesabu ya hamsini. Ukishika kasi, ukianza tu kuonja, matete haya hapa, geuka. Rudi, hamsini nyingine, ukuta huu hapa, geuka. Alitaka mara moja, mara moja tu maishani, aende moja kwa moja bila kugeuka mpaka yeye mwenyewe aseme basi. Kwa hiyo ziwa. Na mwaka huu ndio uliokuwa mwisho, kwa sababu bega lake la kulia lilikuwa limechoka kuvuta maturubai. Daktari wa mifupa alilipindua huku na huku, akamwambia waziwazi: "Mwaka huu, kama ni lazima. Mwakani usije hata kuniuliza."

Upepo wa ziwani huvuma wiki sita kwa mwaka. Mwaka wa kwanza wiki hizo zote ziliishia kwenye kichanja cha kubebea ubao juu ya gari. Bohari alikiagiza kwa fundi wa kuchomelea, kikaja kifupi kwa upana wa vidole viwili, akakirudisha, kikaja kirefu kwa vidole vitatu, akakirudisha tena. Mwaka wa pili alisema gari lazima likaguliwe kabla ya mwendo mrefu namna ile. Fundi akafungua gia, akaziweka kwenye karai, na karai likakaa pale gereji likitazamana na jua mpaka upepo ukaisha. Sasa mwaka wa tatu, wiki tatu kati ya sita zilikuwa zimekwenda na wao bado wako kwenye kamba ya akiba ya kamba ya akiba.

"Kaka yako ataniua," Mama Turubai alimwambia wifi yake asubuhi ile karakanani. Wifi alikuwa dada wa Bohari, mkata sponji kwenye meza ya pili, mwanamke wa mdomo mwepesi na kisu kikali.

"Hawezi," wifi alisema bila kuinua macho. "Kukuua kunataka maandalizi. Utakufa kwa uzee yeye bado anaandika orodha."

Mama Turubai alicheka bila kutaka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba huwezi kugombana na daftari la Bohari. Kila kitu ndani yake, ukikitazama peke yake, kina maana. Tairi la akiba, ni kweli. Dawa ya bega, ni kweli. Namba ya simu ya zahanati ya karibu, nani atakataa? Ni vikikaa pamoja ndipo vinakuwa ukuta. Angekuwa na mume mkorofi angejua pa kumshika. Huyu alikuwa anamkwamisha kwa wema, na mtu anayekukwamisha kwa wema unamfanya nini?

Kwa hiyo alikata shauri kushika mambo mwenyewe. Alimpigia simu mtunzaji wa nyumba ya wageni iliyo kando ya ziwa.

"Shikamoo mama," sauti ilisema.

"Marahaba mwanangu. Nataka chumba, siku nne, kuanzia Jumanne. Kipo?"

"Kipo mama, karibu sana."

"Na upepo?"

"Upepo upo, mama, mpaka unachosha. Jana umeng'oa kibao cha jina letu."

Moyo ulimruka. Kisha akauliza swali la maana, kwa sababu chini ya ubao kuna pezi, kipande kigumu kinachoingia majini na kuuzuia usiserereke kiubavu. Pezi lake lilikuwa refu, sentimita hamsini na mbili, la maji yenye kina kama ya bwawani. Likigusa chini ukiwa kwenye kasi, ubao unasimama papo hapo, wewe unaendelea na safari peke yako. "Maji hapo mbele yenu yana kina gani?"

"Yanafika kiunoni, mama."

Kiunoni panatosha kabisa. Alishukuru, akakata simu, akaandika kwa chaki kwenye kona ya meza: Jumanne, kiunoni. Alijisikia mwepesi mpaka akaanza kuimba.

"Kiunoni kwa nani?" wifi aliuliza.

Wimbo ukakatika. Mama Turubai alibaki na chaki mkononi. Miaka thelathini alikuwa anapima watu na makochi, na kila mteja aliyemwambia "nataka pazia la kawaida" alimjibu kwamba kawaida haishonwi. Leo mtu kamwambia kiunoni, naye akapokea kama mgeni aliyepewa kiti. Alipiga simu tena.

"Samahani mwanangu. Hicho kiuno ni cha nani?"

"Changu, mama."

"Wewe una urefu gani?"

"Wa kawaida."

Wifi alijiziba mdomo kwa kipande cha sponji. Mama Turubai alivuta pumzi. "Simama karibu na mlango wowote. Kitasa kinakufika wapi?"

Walisikia miguu ikiburuzwa, mlango ukilia. "Kifuani, mama," sauti ilisema. "Hapa juu ya mfuko wa shati."

Wifi alikaa chini kwenye sponji, hana mbavu. Mama Turubai alipiga hesabu kwa chaki: kiuno cha mtu wa namna hiyo ni kama paja lake yeye. Hata hivyo pezi lingepita, kwa shida lakini lingepita. Alikuwa anaanza kujituliza pale yule mtunzaji, kwa roho safi kabisa, alipoongeza: "Lakini mama, hapo ni siku zisizo na upepo. Upepo ukivuma unayasukuma maji yote kwenda ng'ambo. Siku hizo hapa mbele ni magotini, na mwanzo kabisa ni tope tupu."

"Yaani upepo ukiwepo maji hayapo?"

"Ndiyo mama."

"Na maji yakiwepo upepo haupo?"

"Umeelewa vizuri sana, mama. Ila usiogope, hili ziwa halina pa kuzama. Hata huko katikati, hata ng'ambo yakijazana, ni shingoni tu. Shingoni kwangu."

Hakumsikia tena. Alikata simu akaitazama ile kona ya meza, akaifuta kwa kiganja. Miaka mitatu amepigana na kichanja, na gia kwenye karai, na orodha, na sasa ziwa lenyewe nalo limejiunga na adui. Machozi ya hasira yalimjaa, akajifanya anatafuta kitu chini ya cherehani.

Jioni alipomweleza mumewe, Bohari alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni. Lakini mkewe, aliyekaa naye miaka thelathini, aliona kitu kingine usoni mwake. Aliona mabega yameshuka, kama ya mtu aliyetua gunia.

"Basi," Bohari alisema, "si tuahirishe tu. Ziwa haliendi popote. Mwakani..."

"Mwakani!" Kikombe kiliruka kwenye sahani. "Mwakani na bega gani? Umemsikia daktari kwa masikio yako, ulikaa pale pale kwenye benchi, ukaandika! Kwenye daftari umeandika dawa ya bega, kamba, mkasi, chumvi, tochi mbili. Mwakani umeiandika wapi?"

"Mama, taratibu..."

"Taratibu ndiyo imenifikisha hapa!"

Aliondoka mezani, akaenda kulala bila kumalizia chai yake. Hakumsalimia asubuhi, akaenda karakanani kabla jua halijapanda sawasawa, akalichomoa pezi kwenye ubao, akalilaza mezani. Alipima kwa tepu, akapiga mstari wa chaki kwenye sentimita ishirini na nane. Alisita. Pezi likishakatwa haliungiki. Kwa pezi fupi namna ile, tanga lake kubwa halitafaa tena bwawani. Pale ambapo upepo hupinda kwenye kona za ukuta, ubao utaserereka kiubavu kila mara. Akilikata leo, bwawa limekwisha kwake, na kama ziwa nalo litashindikana, atabaki na ubao wa kuegemeza ukutani.

"Shika hapa," alimwambia wifi, akamkabidhi ncha ya pezi na kuchukua msumeno wa chuma.

"Una hakika?"

"Shika, nimesema."

Msumeno ulilia robo saa nzima. Bega lilimuuma akabadilisha mkono, akarudi kwenye bega lile lile bovu kwa sababu la kushoto halijui kazi. Kipande kikadondoka sakafuni. Alililainisha pezi kingo kwa msasa, akafuta vumbi, akavaa viatu akaenda nyumbani moja kwa moja kufanya jambo ambalo hajawahi kulifanya katika ndoa yake: kuandika mwenyewe ndani ya daftari la Bohari. Angeandika "pezi fupi, lipo", aweke alama ya tiki kubwa ya kumtoa mtu macho, halafu amwambie kwamba Jumanne anaondoka, kwa gari lake au kwa lori la mteja.

Mzee alikuwa uani anaosha gari. Daftari lilikuwa juu ya friji, na chini yake yale mawili ya miaka iliyopita. Alifungua la mwaka huu ukurasa wa mwisho. Vitu vyote vilikuwa na tiki. Vyote, hata kamba ya akiba ya kamba ya akiba. Isipokuwa kimoja cha mwisho, namba ishirini na saba, kilichoandikwa kwa ile hati ya Bohari iliyonyooka: "Akienda asionekane tena kwa macho, nifanye nini?" Mbele yake palikuwa wazi.

Alivuta daftari la mwaka jana. Ukurasa wa mwisho, swali lile lile, halina tiki. La mwaka juzi, lile lile. Hapo alikaa kwenye kiti cha jikoni.

Bohari aliingia akipangusa mikono kwa taulo, akaona madaftari matatu yamefunguliwa, akasimama mlangoni.

"Hii ni nini, mzee?"

Alilikunja taulo mara mbili. Kisha akasema akitazama taulo: "Pale bwawani huwa nahesabu. Ukiondoka ukutani naanza, moja, mbili, tatu. Nikifika hamsini unageuka, nakuona uso. Unarudi, nahesabu tena. Miaka kumi na moja." Alilikunjua tena. "Kule umesema hutageuka. Sasa mimi nikae pale ufukweni nihesabu mpaka ngapi?"

Mama Turubai alitaka kukasirika, na kwa kweli alikasirika. Miaka mitatu! Kichanja, gia, karai, bega lake likizidi kuharibika, na kumbe lilikuwa swali moja ambalo mtu mzima ameshindwa kulitoa mdomoni. "Si ungeniuliza?" alisema. "Bohari nzima umeiongoza, swali moja tu ungeniuliza mimi mkeo!"

"Niliogopa utanijibu kwamba hujui."

Hapo ndipo maneno ya yule mtunzaji, aliyoyapuuza jana kwa hasira, yalipomrudia. Alisimama. Tepu ilikuwa bado shingoni mwake, haivui hata akienda sokoni. Aliikanyaga ncha moja kwa mguu, akainyoosha juu mpaka kwenye kifua chake, akaibana kwa kidole.

"Njoo usome hapa."

Bohari alisogea, akavaa miwani. "Mita moja na sentimita ishirini."

"Kwa hesabu ya kitasa cha mlango wake, hiyo ndiyo shingo ya yule mtunzaji, na ndipo penye maji mengi kuliko pote kwenye ziwa lile, kutoka ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile. Hakuna pengine. Hapo mbele ni magotini. Tanga likipasuka, upepo ukifa, bega likigoma, mzee, mimi nashuka. Nasimama kwa miguu yangu miwili, nageuka, natembea kurudi."

Bohari aliishika tepu mwenyewe, akahakikisha ncha ya chini imegusa sakafu kweli, akasoma upya. Alisoma mara ya tatu. Kisha akaketi mezani, akavuta daftari na kalamu, na mbele ya namba ishirini na saba akaandika pole pole: "Atatembea." Akaweka tiki. Tiki ikatoka mbaya, kitu ambacho hakijawahi kutokea katika vitabu vyake.

Mama Turubai alidhani amemaliza. Alinyoosha mkono alifunge lile daftari, lakini mzee alimzuia, akaandika tena chini yake, namba ishirini na nane. Damu ilianza kumpanda upya. Aliinama juu ya bega la mumewe asome ni ujinga gani mwingine.

"Viatu vya kutembelea matopeni," ilisema. "Jozi mbili."

Aliitazama ile "mbili" kwa muda. Mzee hajui kuogelea, na katika maisha yake yote hajawahi kuvua soksi mbele ya maji yoyote.

"Jumanne saa kumi na moja alfajiri," Mama Turubai alisema, akaenda dirishani akampa mgongo. "Na usinicheleweshe."